Mtu wa Kuitikia

Mimi sikwenda chuo kikuu. Chuo kikuu ndicho kilichokuja kwetu Kisauni, Jumamosi alasiri, ndani ya darasa kubwa la shule ya misheni, na nusura kituage kiende zake kwa sababu tulikuwa na adabu kupita kiasi. Nimeishi miaka mingi tangu wakati huo, na nimeona watu wakikosa mambo mazuri kwa ujeuri, kwa uvivu na kwa ulevi. Kuyakosa kwa sababu ya adabu nimekuona mara ile tu, na aliyeisimamia adabu hiyo alikuwa baba yangu mzazi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya arobaini. Vita vilikuwa vimekwisha, vijana waliopelekwa kupigana Bama walikuwa wamerudi na makoti mazito wasiyojua wayavae wapi katika joto letu, na kila penye watu wawili palikuwa na mazungumzo ya elimu. Mimi nilikuwa nafundisha watoto wadogo katika shule hiyo hiyo, irabu asubuhi na ushonaji adhuhuri. Nilikuwa nimemaliza masomo yote ambayo msichana wa kwetu aliruhusiwa kuyamaliza. Chuo kikuu kilikuwa Uganda, mbali kwa treni na mbali zaidi kwa mambo mengine, na ingawa tulisikia kwamba wameanza kupokea wasichana wachache, waliopokewa hawakuwa wa Kisauni. Nilikuwa na hamu ya kusoma iliyonitia hasira. Sukari ilipokuja kutoka dukani imefungwa kwenye gazeti, mimi nililinyoosha gazeti lile kwa kiganja nikalisoma, na habari ilipokatika katikati kwa sababu karatasi imeishia hapo, nilinuna mpaka jioni.

Basi fikiria nilivyokuwa siku baba aliporudi kutoka mkutanoni na kusema kwamba chuo kitatuletea mhadhiri. Atazungumza na watu wa kawaida juu ya historia na lugha na maisha ya wanadamu, bila mtihani, bila kuulizwa ulisoma wapi, wanaume na wanawake. Baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule, kwa hiyo uenyekiti wa kamati ya mihadhara ukawa wake bila kupigiwa kura. Mihadhara mitatu ya kwanza ilikuwa ya kujaribu. Ikifaulu, itaendelea mwaka mzima na kurudi kila mwaka. Isipofaulu, itahamishiwa mjini kisiwani, ng'ambo ya daraja, kwani wenyeji wa huko walikuwa wameshaahidi ukumbi wenye taa za umeme na feni.

Kule mjini mihadhara ingefanywa baada ya magharibi, makarani wakishafunga ofisi. Wanaume wa kamati walilitaja hilo juu juu tu, wakapita. Mimi sikupita. Hakuna baba Kisauni nzima, kuanzia wangu, ambaye angemwachia bintiye avuke daraja la Nyali baada ya magharibi akakae ukumbini na wanaume asiowajua. Ikiwa chuo kitavuka, basi kimeniacha, na sikujua kingine chochote ambacho kingenijia baada ya hapo. Kwangu ilikuwa Jumamosi zile au basi.

Sasa nikuelezeni habari za baba. Alivaa suti nyeupe iliyotiwa wanga hata siku ya kwenda kumwona fundi wa viatu. Hakuna aliyewahi kumwona akila embe mbele ya watu. Aliongea pole pole, kila neno likamilike, na mtu akimkatiza alinyamaza akamtazama mpaka mtu yule akaona haya. Watu walimpenda na walimwogopa, na mimi pia. Mama yake, bibi yangu, alikuwa mmoja wa wale watoto walioshushwa kutoka majahazi ya watumwa, wakaletwa Kisauni na kukabidhiwa kwa misheni. Jambo hilo halikusemwa nyumbani kwetu. Nililipata kwa bibi mwenyewe nilipokuwa mdogo, akinisuka nywele, kwa sauti ya chini, na kila baba alipopita alibadilisha mazungumzo. Baba alikuwa amejijenga kuwa mtu ambaye nyuma yake ni shule na kanisa tu, hakuna kingine.

Upande wa mama ulikuwa tofauti kabisa. Mama alitoka Rabai, alikuwa na wajomba na binamu wa kujaza kanisa, na alipofariki, mdogo wake alikuja kukaa nasi. Nilimwita mama mdogo. Alisuka makuti ya kuuza, na vitu alivyoviogopa duniani vilikuwa viwili, Mungu na tandu.

Watu wa upande wa mama wana desturi yao ya kuzungumza. Mtu akisimama kusema jambo mbele ya wenzake, hasemi na hewa. Huchaguliwa mtu mzima mmoja, mwanamume, wa kumwitikia. Huyo hukaa akimwelekea msemaji, na kila kipande cha maneno kikikamilika husema, "Enhe," au "Ndivyo," au "Naam, lete." Msemaji akimaliza, mwitikiaji huyarudisha maneno: hueleza kwa ufupi alichokisikia, mbele ya wote, akauliza kama ndivyo, na kama kuna lililosahauliwa huliongeza. Mpaka hapo mazungumzo hayajaisha na hakuna anayeinuka. Maneno yasiyoitikiwa kwao ni ya kugombeza watoto, au ya mgonjwa mwenye homa. Kwa kuoana na kuzikana, Kisauni nzima ilikuwa imeshaizoea desturi hiyo, hata wasio wa Rabai.

Baba aliiona ni ushenzi. Jumapili moja kabla ya mhadhara wa kwanza alisimama kanisani baada ya ibada akatutangazia jinsi ya kusikiliza. Alisema kwamba vyuoni watu husikiliza kimya. Hakuna kuitikia, hakuna kunong'ona, na mwenye kikohozi akae karibu na mlango. Maswali yapo mwishoni, mhadhiri akiyaruhusu. Watu waliitika kwa vichwa, na hiyo ndiyo mara ya mwisho walipoitika kitu kwa majuma kadhaa.

Mhadhiri alipokuja tulimkuta kijana kuliko tulivyotarajia. Alikuwa mtu wa kule ziwani, mfupi, mwenye miwani, mnyenyekevu katika salamu. Aliwaamkia wazee wote mmoja mmoja, jambo lililompa alama nyingi. Kiswahili chake kilikuwa cha bara. Mama mdogo alisema kilipanda treni kwa haraka na nusu ya mizigo yake ikabaki stesheni. Lakini kilieleweka, na alichokizungumza siku ile kilikuwa kikubwa: jinsi pwani yetu ilivyofanya biashara na nchi za ng'ambo ya bahari kabla ya kuwapo kwa serikali yoyote tunayoijua. Mimi nilisikia joto la furaha mpaka masikioni. Nilitaka kumwambia mtu, nilitaka kusimama, nilitaka aseme tena polepole kile kipande cha vyombo vya udongo vilivyofukuliwa.

Nikageuka kuwatazama wenzangu. Walikuwapo wanaume wa reli kutoka Changamwe waliovuka maji mara mbili ili wafike, akina mama wa Mtopanga na vitenge vyao vya Jumapili, wazee wa kanisa na kofia magotini. Wote walikuwa wamekaa wima, midomo imefungwa, macho mbele. Mhadhiri alitia mzaha mmoja mzuri sana juu ya wachuuzi wa zamani. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa baba hakuwa ametoa mwongozo wowote kuhusu kucheka. Mhadhiri alinyamaza kidogo akingoja, kisha akaendelea, na nikaona shingo yake imeanza kulowa jasho. Alipouliza kama kuna maswali, hakukuwa na hata moja. Baba alisimama akamshukuru kwa maneno yaliyopangika vizuri, watu wakatoka mstari mmoja mmoja kama wanatoka kushiriki meza ya Bwana.

Jumamosi ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Watu walipungua. Mhadhiri naye alisoma kwenye karatasi zake, mbio mbio, bila kuinua macho, kwa namna ya mtu anayetaka kuumaliza mzigo autue. Mzee mmoja alilala usingizi, lakini bila kukoroma, kwa hiyo baba hakuwa na la kumlaumu.

Baada ya hapo mgeni alikunywa chai kwetu. Mimi ndiye niliyemimina. Baba alikuwa na furaha kwelikweli, akimwambia kwamba bila shaka ameona jinsi watu wa Kisauni walivyo watulivu. Mhadhiri alikizungusha kikombe chake kwenye kisahani. Akasema kwa upole kwamba atakuja kwa mhadhara wa tatu kama alivyoahidi, lakini anaona ni haki amweleze mwenyekiti mapema: atawaandikia wakubwa wake chuoni kwamba pahali panapofaa ni mjini. Baba akauliza kuna kosa gani lililofanyika.

"Hakuna kosa, mzee wangu," mhadhiri akasema. "Watu wako wananiheshimu sana. Lakini hawanitaki."

Nilisimama na birika mkononi. Nilijua kosa liko wapi, nililijua waziwazi, na ulimi ulikuwa unaniwasha. Baba akanitazama kwa jicho lile la kumwonyesha mtoto mlango, nikaenda jikoni.

Mama mdogo alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikamwambia yaliyosemwa. Hakuacha hata kukuna. Akasema kwamba yeye tangu siku ya kwanza alimwonea yule kijana huruma, ameachwa anasema peke yake Jumamosi mbili nzima mbele ya watu wazima wenye akili zao. Kwao Rabai hata anayekuja kuazima shoka huitikiwa. Akasema tena kwamba yeye mhadhara wa tatu haendi, kwani ukimya ule unamtia maumivu ya tumbo.

Mgeni alipoondoka nilimwendea baba barazani. Nilimwamkia upya, jambo lililomfanya ajue kuna neno. Nikamwomba aruhusu mtu mmoja tu amwitikie mhadhiri, mzee yeyote atakayemchagua yeye. Nikamweleza kwamba yule kijana ametusoma vibaya, kwamba anadhani tumemkataa. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kwani hata akiwa amekasirika hakukatiza mtu.

"Mwanangu," akasema, "watu wa chuo wakitukuta tunapiga enhe, enhe, watasema sisi ni watu wa porini. Nimefanya kazi maisha yangu yote ili wasiseme hivyo."

"Na wakiondoka, baba, watakuwa wamesema nini?"

Alifungua Biblia yake pahali popote tu akaanza kusoma, nami nikaelewa kwamba shauri limekwisha. Juma lile lote nilifundisha irabu kwa ukali ambao watoto wa watu hawakustahili. Nilikuwa na hasira na baba na nilimwonea huruma pia, na huruma ile ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu nilijua anakimbia nini.

Jumamosi ya tatu nilivaa gauni langu la buluu nikafika mapema. Wanawake tulikuwa na mabenchi yetu upande wa kushoto. Mimi nilichukua la mbele kabisa, ncha ya ndani, pale ambapo msemaji akiinua macho atakutana na yangu. Sikumwambia mtu nia yangu, na kusema kweli sikuwa na hakika nayo. Mwitikiaji ni mwanamume, ni mtu mzima, na huchaguliwa. Mimi nilikuwa msichana asiyeolewa, wala hakuna aliyenichagua. Mama mdogo, aliyeapa kwamba haji, alikuja akakaa nyuma yangu, akanung'unika juu ya tumbo lake.

Watu walikuwa wachache kuliko hata mara ya pili. Baba alikaa mezani mbele, pembeni mwa mhadhiri, suti yake ikimeremeta. Mhadhiri akazipanga karatasi zake, akasema kwamba leo, kwa mara ya mwisho, atazungumzia jinsi watu wa pwani walivyofika hapa walipo. Nikafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akasema kwamba wazee wa Rabai na wenzao husimulia kuwa walitoka kaskazini, nchi iitwayo Shungwaya. Nikafungua tena, pumzi ikapita bure. Akasema kwamba waliondoka huko kwa miguu, na wake zao na watoto na mbuzi wao.

"Enhe," nikasema.

Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Vichwa vyote viligeuka. Sikumtazama baba, lakini nilihisi akinitazama. Mhadhiri alishtuka, akapoteza pahali alipofika kwenye karatasi, akaniuliza kwa adabu kama nina swali.

Nikasimama. "Sina swali, bwana mwalimu," nikasema. "Nakuitikia. Kwetu sisi mtu haachwi aseme peke yake. Tulinyamaza kwa kukuheshimu, na kumbe tumekukosea."

Akanitazama, akamtazama baba, na nadhani usoni mwa baba alisoma habari yote. Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa. Kisha akaniuliza kama aendelee. Kabla sijajibu, sauti ya mama mdogo ikatoka nyuma yangu, kavu, ya mtu aliyengoja vya kutosha.

"Lete," akasema.

Ukumbi mzima ukacheka. Kicheko kile kilikuwa na deni la majuma, kilianzia kwa wanawake kikavuka kwa wanaume wa reli, na mhadhiri mwenyewe akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaziweka karatasi chini akaanza upya, tangu Shungwaya.

Kuna jambo nilijifunza alasiri ile ambalo hakuna kitabu kilichonifundisha tangu hapo. Kuitikia ni kazi. Huwezi kupokea neno usilolielewa, kwa hiyo nilisikiliza kama sijawahi kusikiliza. Naye alianza kusema kwa vipande vifupi, akingoja, na kila "Enhe" ikimpa nguvu ya kipande kinachofuata. Mara moja alitaja jambo lenye kupindana sana, juu ya wenye elimu wanavyobishana kama safari ile ilikuwa moja au nyingi, nami sikuelewa, nikanyamaza. Alisimama hapo hapo. Alilirudia kwa njia nyingine, kwa mfano wa ndugu watatu wanaohamia Kisauni kila mmoja kwa mwaka wake, na wajukuu wao wakasema sote tulikuja pamoja. "Ndivyo," nikasema, na nyuma yangu watu wengi wakasema ndivyo pamoja nami, kwani kila mmoja pale alikuwa na jirani wa namna hiyo. Hata Kiswahili chake kilinyooka, au labda tulikwisha kuacha kukipima.

Watu waliokuwa wakipita barabarani walisikia wakaingia. Walikaa madirishani. Alipomaliza, ukumbi ulikuwa umejaa kuliko siku yoyote.

Akakaa. Hakuna aliyeinuka. Akatazama huku na huku kwa wasiwasi, akidhani ule ukimya umerudi, maskini, kumbe tulikuwa tunangoja maneno yarudishwe. Basi nikasimama nikayarudisha. Nilieleza kwa ufupi safari ile, walivyotoka, walivyokaa njiani, kwa nini wengine walipanda vilimani na wengine wakashuka baharini, na jinsi masimulizi yanavyoweza kuwa ya kweli hata kama hayalingani. Nikamwuliza kama ndivyo. Akasema ndivyo hasa, na sauti yake ilikuwa nzito.

Hapo ningeweza kukaa, na ningekuwa nimefanya kazi yangu vizuri. Lakini mwitikiaji ana ruhusa ya kuongeza lililosahauliwa, na mimi nilikuwa na neno lililokuwa limenikaa kooni tangu nilipokuwa nasukwa nywele. Nikamtazama baba kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameegemeza viganja vyake mezani.

"Tumesikia habari za waliokuja kwa miguu," nikasema. "Lakini humu ndani wamo watu ambao wazee wao hawakutembea. Walishushwa ufukweni hapa, watoto, hawaijui njia ya kurudi. Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa mmoja wao. Kuhusu kwao, alikumbuka mto tu. Hawa nao ni watu wa pwani, na habari zao hazijasemwa."

Nikakaa. Baba alikuwa anautazama ubao wa meza. Nilifikiri nimemuua. Nilijuta na sikujuta, yote mawili kwa pamoja, na hakuna lililoshinda. Kisha mzee mmoja wa kanisa, mtu aliyesimamia ubatizo wangu, akasema kutoka nyuma kwa sauti ndogo, "Na wangu." Mama mmoja wa Mtopanga akasimama kabisa, akasema, "Na wangu, baba na mama." Mwingine akasimama. Mwingine. Watu niliokua nikiwaamkia kila siku ya maisha yangu, habari hii sikuijua ya hata mmoja, na wao kwa wao walikuwa hawaijui. Mama mdogo, ambaye wazee wake ndio waliotoka Shungwaya kwa miguu yao, alikuwa analia bila kujifuta, akimwitikia kila mmoja. Na mhadhiri naye akasimama. Alisahau cheo chake chote, akawa anatikisa kichwa akisema, "Enhe. Enhe, mama. Enhe, mzee," mpaka wa mwisho alipokaa.

Ndipo akamgeukia baba. Alisema mbele ya watu wote kwamba hajawaandikia wakubwa wake lolote. Ukumbi wa mjini upo, una feni na taa, na wenyewe wanangoja jibu. Atafanya mwenyekiti atakavyosema.

Baba alichukua muda mrefu kuinuka. Alivuta koti lake, akafunga kifungo, akakifungua tena. "Mama yangu alishushwa pale chini," akasema, "akiwa na umri wa mtoto wa darasa la kwanza. Neno hili sijawahi kulisema mbele ya mtu." Niliona hawezi kuendelea, na kwa mazoea ya alasiri ile, bila kufikiri, nikasema, "Enhe, baba."

Akanitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa jicho lile la mlango, na halikuja.

"Mihadhara hii haitoki hapa," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ile ninayoijua. "Watu wa mjini wakiitaka, daraja lipo. Wavuke waje."

Vigelegele vilipasuka upande wetu. Wanaume wa reli walipiga miguu sakafuni mpaka vumbi likapanda, na wale wa madirishani wakaingia ndani kwa kupitia madirisha hayo hayo. Baba aliyekataza kikohozi alisimama katikati ya kelele zile akashindwa kuzizuia, na baadaye nikaona kwamba hakujaribu. Mhadhiri alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Nilicheka na kulia, na sikuona haya yoyote.

Mihadhara ilibaki Kisauni. Watu wa mjini walivuka kweli, Jumamosi kwa Jumamosi, wakijipangusa jasho na kuulizana mbona hakuna feni. Mwaka ulipoanza, kamati ilikutana kupanga mambo, na mtu akasema kwamba mwitikiaji hawezi kuendelea kukaa benchini, anatakiwa awe na kiti chake, amwelekee msemaji. Shule haikuwa na viti, ilikuwa na mabenchi tu. Wazee wakakubaliana kwamba litafikiriwa.

Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, nilikuwa nimevaa na niko tayari nilipomwona baba akitoka chumbani na kiti chake cha mikono. Kiti kile hakuna mwingine aliyekikalia nyumbani, hata mchungaji alipokuja. Baba hakuwahi kubeba kitu barabarani zaidi ya mwavuli. Alikigeuza, akakitia kichwani, suti nyeupe na yote, akashika njia, nami nikamfuata nyuma. Tulipita madukani, tukapita kisimani, na watu walisimama kutazama. Mwenye duka alitoka nje kabisa akamwuliza mwalimu mkuu ni mgeni gani huyo mkubwa anayepelekewa kiti.

Baba hakupunguza mwendo. Akamjibu kwamba si cha mgeni, ni cha binti yake.